Jezi Namba Nne

Jumatatu mashine yangu haipumziki.
Jezi kumi na sita, kaptura kumi na sita,
soksi ambazo hazijawahi kutimia jozi,
za timu ya daraja la nane, iliyowahi kufungwa tisa bila
na jioni ikaja kunywa bia kana kwamba imeshinda.
Mwaka wa thelathini na nane huu, nafua.
Namjua mtu kwa uchafu wake:
beki mvivu, mgongo wake msafi;
kipa mwoga, magoti yake hayana doa.

Zamani uwanja ulikuwa wa majivu mekundu,
makombo ya mgodi.
Ukianguka, unarudi nyumbani na punje chini ya ngozi,
na punje hazitoki, si kwa sabuni, si kwa sindano.
Kisha mgodi ukafungwa. Wakang'oa mnara, wakang'oa reli,
king'ora cha alfajiri kikanyamaza,
na wanaume wakaendelea kuamka saa kumi,
wakikaa jikoni, wakitazama buli.
Tuliachiwa Jumapili, saa tisa alasiri,
na uzio wa chuma tunaouegemea, kila mtu na pahala pake,
kama kanisani,
ila kanisani siku hizi nafasi zipo.

Ewald Piontek alikuwa namba nne.
Alicheza hadi alipotimiza arobaini na sita,
halafu akasimama nyuma ya goli, upande wa mfereji,
miaka mingine thelathini,
akimtukana refa kwa jina lake la ubatizo.
Alipokufa, mwezi wa Machi, Hiltrud mkewe alinijia mlangoni.
"Anataka kuzikwa nayo," akasema.
Anataka. Hakusema alitaka.

Basi kikaitishwa kikao,
maana huku kwetu hata huzuni huandikiwa kumbukumbu.
Chumba kilinuka vitunguu na mafuta ya misuli.
Bwana Hülsmann, mweka hazina, akavaa miwani:
jezi ni mali ya klabu, kifungu cha saba;
seti ikivunjika haiungwi, kiwanda kimeshabadili rangi.
Hakuna aliyembishia. Alikuwa na haki.
Tukasikiliza friji ikinguruma.

Ndipo Ferhat akanyosha mkono kama yuko darasani.
Ana miaka kumi na tisa, na namba nne ni yake sasa;
babu yake na Ewald walishuka shimoni zamu moja,
wakagawana mkate, wakagombana kila Jumapili kuhusu kuotea.
"Mimi," akasema, "naweza kuvaa kumi na nne."

Waliounga mkono: kumi na mmoja.
Waliopinga: hakuna.
Asiyepiga kura: mmoja, Hülsmann,
aliyetoka nje akapenga kamasi, akarudi,
akauliza kama kuna mengineyo.

Wakanipa niifue.
Ilikuwa na tope la Jumapili, la Ferhat,
alipoteleza kuokoa mpira uliokwisha kutoka nje.
Nilikwisha pima sabuni.
Nilikwisha fungua mlango wa mashine.
Maiti haulizwi sanda, wanasema,
lakini huyu alikwisha jibu kabla hajaulizwa,
na sikumbuki hata siku moja
Ewald Piontek kutoka uwanjani akiwa msafi.
Nikafunga mlango.
Nikaikunja na tope lake.

Hiltrud aliifungua mezani, akaona, akagusa.
Akaniuliza kama nitakunywa kahawa.

Jumapili iliyofuata tulifungwa mbili moja.
Ferhat alipewa kadi ya njano, na nyuma ya goli, upande wa mfereji,
hakuna aliyesimama, ingawa mvua ilinyesha
na pale ndipo penye paa.

Jumatatu nahesabu: kumi na tano,
na mkono unazama tena kapuni.
Nikaenda kuangalia daftari la Hülsmann,
nijue ameandika nini, imepotea au imefutwa.
Mwandiko wake mdogo, wino wa buluu:
jezi moja, namba nne, mikono mirefu.
Hali: inatumika.